Kigingi Kilichopanda Mlima

Mshale ulikuwa kwenye kumi na saba.

Inspekta alivaa miwani, akainama, akasoma tena. Kumi na saba. Akalishika daftari lililofungwa kwa uzi kwenye nguzo, akapitisha kidole ukurasa wa mwisho. Ijumaa iliyopita, tatu. Ijumaa ya kabla yake, tatu. Ijumaa tano zilifuatana hivyo hivyo, tatu, tatu, tatu, kwa mwandiko ulionyooka kama wa mtu anayeandika huku mwalimu amesimama mgongoni kwake. Leo ilikuwa Jumatano, saa moja asubuhi. Kutoka tatu hadi kumi na saba kwa siku tano.

Chombo chenyewe hakikuwa na maringo. Upande wa juu wa ufa uliokata kilima, penye mwamba, ilisimama nguzo ya chuma yenye gurudumu dogo kichwani. Upande wa chini, kwenye ardhi iliyoshukiwa kusogea, kilichomekwa kigingi cha nondo. Waya ulitoka kwenye kigingi, ukavuka ufa, ukapita juu ya gurudumu, na mwisho wake ukaning'iniza chuma kizito chenye mshale kando ya rula ya sentimita thelathini. Ardhi ya chini ikiteremka, waya unavutwa na mshale unapanda. Mtu akiking'oa kigingi akakichomeka chini zaidi, mshale unapanda vilevile. Hapo ndipo kesi ilipokaa.

Meneja wa makazi alikuwa na jibu lake tangu jana. Ukuta wa nyumba moja ya mstari wa juu ulipasuka juzi usiku, watu wakapanda mbio kutazama mshale, wakashuka na hofu. Meneja akapiga simu polisi, si kwa watu wa ardhi. Alisema kuna mtu amechezea kigingi ili kutia watu wazimu, na mtu huyo anajulikana, ni Fundi Geti, mchomeleaji. Alilitoa jina kama mtu anayekupa sahani iliyokwisha pakuliwa. Inspekta hakupenda sahani za namna hiyo.

"Afande, mmoja kati ya watuhumiwa wetu ni kilima," alisema koplo aliyefuatana naye. "Na kilima hakiandiki maelezo."

Inspekta hakucheka. Alitoa msumari, akakwaruza alama kwenye rula pale mshale ulipo, akaandika saa kwenye kijitabu chake. Ilikuwa desturi yake: kitu chochote chenye namba, kiwekee saa. Kisha akatazama chini. Nyumba arobaini na moja zilijipanga kwa mistari minne, mabati yakianza kushika jua, na moshi wa asubuhi ukitoka jikoni. Ufa wenyewe haukuonekana. Ulikuwa umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, ukasawazishwa kwa mwiko hadi ukang'aa, maji ya mvua yasiingie. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa waliuziba, na ukuta ukapasuka.

Fundi Geti walimkuta karakanani, amevua kofia ya kuchomelea, anakunywa chai kwenye kopo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alikiri tishio lake kabla hajaulizwa. Ndiyo, alisema mbele ya mkutano kwamba atakwenda kuking'oa kile chuma na kukigeuza dirisha. Alikuwa na sababu. Mwaka jana watu wa ofisi waliwahamisha wote, wakakaa siku tisa kwenye madarasa ya shule, na mlima haukuangusha hata kokoto. Waliporudi walikuta milango imevunjwa. Yeye aliibiwa mashine ya kusaga chuma na mabati ya jiko. Toka siku hiyo aliapa kwamba atakayemhamisha tena amhamishe kwa jeneza.

Inspekta alimwuliza ni lini alipanda kule mara ya mwisho. Akajibu ni siku waliyomwita kuchomelea gurudumu jipya, baada ya waya wa kwanza kukatika. Wiki tano na siku kadhaa. Ilikuwa Ijumaa, anakumbuka kwa sababu alikuwa na haraka.

"Na siku hiyo hukukigusa kigingi?"

"Sikukigusa. Nilikiwekea shahidi."

"Shahidi gani?"

"Mama Inspekta, mimi siwaamini wale watu. Nikasema, watasogeza chuma chao, kisha waseme mlima umetembea, watutoe tena. Nikachukua kijiti cha kuchomelea, kile kipande kinachobaki, nikakichomeka ardhini kikigusana na kigingi. Nikasema nikirudi nikikuta vimeachana, nitajua nani mwongo."

"Ulirudi?"

Fundi Geti alitazama kopo lake. Hakurudi. Kazi zilikuwa nyingi, alisema. Koplo aliandika hilo pia, na walipotoka nje akanong'ona kwamba mtu anayeacha ushahidi wake mwenyewe mahali pa kosa ama ni mjinga sana ama hana hatia. Inspekta akamwambia amewahi kukutana na wajinga wengi wasio na hatia, watembee.

Walipanda tena. Koplo alipiga magoti akatafuta chini ya kigingi na kando zake, akichambua majani. Hakuna kitu. Jua likawaka shingoni. Akatafuta upana wa mkono, akatafuta upana wa mikono miwili. Inspekta alikuwa tayari ameanza kuamini kwamba wamedanganywa, na akawa anahesabu muda uliopotea, ndipo koplo alipokohoa.

Kijiti kilikuwa pale, kimeshika kutu, kichwa chake kikichungulia udongoni. Kilikuwa upande wa bondeni, mbali na kigingi zaidi ya shibiri moja na nusu. Sentimita thelathini na tano, kidogo pungufu.

"Basi wamekisogeza," koplo alisema. "Meneja amesema kweli. Kuna mtu amechezea."

"Wamekisogeza kwenda wapi?"

Koplo alikitazama kigingi, kisha kijiti. Inspekta alimwacha afikiri mwenyewe. Anayetaka mshale upande hukipeleka kigingi chini. Hiki kilikuwa kimepelekwa juu, kuelekea ufa. Kimepanda mlima. Kukipandisha kunalegeza waya, na waya ukilegea mshale unashuka. Mtu fulani alikuwa amefanya kazi ya kuushusha mshale kwa sentimita thelathini na tano, na bado mshale ulikuwa kwenye kumi na saba.

"Mungu wangu," alisema koplo, polepole.

"Niletee maji. Ndoo mbili."

Maji yalipofika aliyamwaga taratibu kwenye ile nafasi iliyokuwa kati ya kijiti na kigingi, kama mtu anayemwagilia mche. Ardhi iliyokaa miaka mingi inakataa maji, yanateleza juu yake. Ardhi iliyochimbwa majuzi inayameza. Walichuchumaa wakingoja. Kwanza palitokea shimo moja, limezama kama kitovu. Kisha la pili. Yalikuwa matano, yote kwenye mstari mmoja ulionyooka, kila moja lilijazwa udongo na kushindiliwa vizuri, na lile la kwanza lilikuwa ubavuni mwa kijiti cha Fundi Geti. La sita lilikuwa lile lenye kigingi.

Koplo alipima nafasi kati ya shimo na shimo. Nne. Karibu tano. Inspekta akamwambia neno karibu halina nafasi kwenye maelezo, apime upya. Nne na vipande vinane. Sita. Nane kasoro kidogo. Kumi na mbili.

Mtaalamu wa ardhi aliwasili saa nne, amechelewa kwa sababu ofisi yake ilimnyima gari na akaja kwa lifti ya lori la kokoto. Alikuwa dada mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Hakusalimia sana. Aliyatazama mashimo, akatazama daftari, akakaa chini kwenye majani. Kila Ijumaa namba hii ilikuwa ikisomwa kwa simu hadi mezani kwake, alisema. Wiki tano alisikia tatu. Alifurahi. Aliandika kwenye ripoti kwamba mteremko umetulia.

Inspekta alimwuliza kama mashimo yanatosha kusema chochote.

"Nipe tarehe. Bila tarehe haya ni mashimo tu. Sita na nane na kumi na mbili za siku ngapi? Kama kumi na mbili ni za miezi miwili, kilima kimelala. Kama ni za wiki moja, hakijalala."

"Tofauti yake kubwa kiasi gani?"

Mtaalamu aliuchukua ubao wa kuandikia wa koplo, akaweka juu yake sanduku dogo la vifaa, akauinamisha. Sanduku halikwenda. Akauinamisha zaidi. Halikwenda. Ndivyo udongo huu ulivyokaa juu ya mwamba, alieleza, na kinachouzuia ni msuguano tu. Pale vitu viwili vinapogusana, vichembe vinaumana kama meno. Vikitulia pamoja muda mrefu vinazidi kuumana, ndiyo maana kabati lililokaa miaka kumi ni kazi kulisogeza. Lakini vikianza kutembea, kila chembe inaachwa kabla haijauma vizuri.

"Kwa hiyo udongo ukienda haraka, unashikwa kidogo," alisema. "Ukishikwa kidogo, unakwenda haraka zaidi. Unaona mwendo unavyojichochea wenyewe?" Akaongeza mwinamo kidogo tu. Sanduku lilijivuta ukucha mmoja, likasita, likajivuta tena, kisha likateleza lote likaanguka kwenye buti lake. "Haliulizi tena kama mvua imenyesha. Likifika hapo linajisukuma lenyewe."

Inspekta alisimama, akapangusa magoti. Alijua mkono ulioshindilia yale mashimo. Alikuwa ameuona asubuhi ile ile, kwenye udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa na kwenye mwandiko ulionyooka wa daftari.

Mpimaji wa kigingi aliitwa Mzee Timazi. Alikuwa mwashi miaka arobaini kabla ya ofisi kumpa kazi ya kusoma mshale, na jina lilitokana na ile kamba yenye uzito wa risasi ambayo waashi hutumia kuona kama ukuta umesimama wima. Watu walisema hata fimbo yake ya kutembelea ameipima. Aliishi kwa binti yake, mshona nguo, nyumba ya tatu mstari wa juu, pamoja na wajukuu wanne. Aliwakaribisha barazani kwa maji ya kunywa, akawapangia viti, akakirudisha kimoja nyuma kidogo ili vilingane. Ndani, cherehani ya binti ililia na kunyamaza, ikalia na kunyamaza.

Inspekta hakuzunguka. Alimwuliza kama yeye ndiye aliyekuwa akikihamisha kigingi.

"Mimi," alisema Mzee Timazi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesifiwa. "Kila Ijumaa, baada ya sala, kabla sijasoma. Mwingine nani angekijali?"

"Kwa nini kabla ya kusoma?"

Alieleza bila kuficha kitu. Waya wa kwanza ulikatika mikononi mwake. Mshale ulipanda hadi mwisho wa rula, chuma kikabanwa kwenye gurudumu, waya ukakatika, na ofisi ikamwandikia barua ya onyo, yeye ambaye hajawahi kuangusha hata tofali. Fundi wa ofisi alipokuja kufunga mpya, aliuweka mshale kwenye tatu, akamwambia, mzee, hapa kwenye tatu ndipo mahali pake, utunze. Ijumaa iliyofuata akaukuta saba. Akaona kigingi kimeteleza. Akaking'oa, akakichomeka juu kidogo, mshale ukarudi tatu. Ndipo akaandika.

"Mama, mwashi ukiweka timazi ukaona ukuta umekwenda pembeni, huendi kuandika kwamba umekwenda pembeni. Unarekebisha. Kisha unaandika kazi imekwisha. Sasa mimi ningewasomea watu wa mjini kazi mbovu?"

Koplo aliacha kuandika. Mtaalamu alifumba macho. Inspekta alimwuliza mzee kama aliruka Ijumaa yoyote, kwa ugonjwa au safari, na jibu lilikuwa hapana, hajaruka hata moja. Nafasi tano, wiki tano, kila nafasi ya siku saba kamili.

"Basi tupige hesabu," alisema Mtaalamu, na akamwomba Inspekta karatasi. "Usihesabu kwa wiki imekwenda sentimita ngapi. Geuza. Hesabu sentimita moja imechukua saa ngapi."

Wiki ina saa mia moja sitini na nane. Inspekta alisoma hadi darasa la kugawanya na hakwenda mbali zaidi, lakini kugawanya alijua. Wiki ya kwanza, sentimita moja ilichukua saa arobaini na mbili. Ya pili, thelathini na tano. Ya tatu, ishirini na nane. Ya nne, ishirini na moja na nusu. Ya tano, kumi na nne.

Hakungoja kuelezwa. Kila wiki zilipungua saa saba hivi. Aliandika saba kwa wiki hii waliyokuwa ndani yake, na chini ya hiyo, kwa wiki inayokuja, akaandika sifuri. Akaitazama ile sifuri. Sentimita moja isiyochukua muda wowote.

"Ni lini?" aliuliza.

"Katikati ya wiki ya tano ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Jumanne ya juma hili, saba. Jumanne ijayo, hakuna. Mlima si saa ya ukutani, yaweza kuwa Jumatatu, yaweza kuwa Jumatano. Haiwi mwezi ujao."

Mzee Timazi alikuwa amesogeza kiti chake. Aliisoma karatasi kutoka upande wa pili, juu chini. Kwa muda alionekana kama anatafuta kosa la hesabu. Kisha akaligeuza lile neno moja kinywani mwake, Jumanne, na cherehani ndani ikanyamaza.

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa saba kasoro dakika chache. Kama karatasi ilisema kweli, leo sentimita moja ingechukua saa sita hivi. Walipanda wote wanne, mzee akiwa mbele. Alama ya msumari ilikuwa kwenye kumi na saba. Mshale ulikuwa umeipita, umesimama kwenye kumi na nane na uzi mwembamba juu yake.

Mzee Timazi alinyoosha mkono kuelekea kigingi, mazoea tu, kisha akaurudisha mfukoni.

Meneja wa makazi aliwapokea saa nane na nusu, baada ya kuwaweka kwenye benchi nusu saa. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo Inspekta alilikubali. Alisikiliza, akafungua mtoto wa meza, akatoa barua ya mwaka jana iliyomlaumu kwa kuhamisha watu bila sababu ya kutosha, akaiweka mezani. Tangu barua ile amri ya kuhamisha haitoki kwake peke yake. Inatoka kwa kamati, na kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo.

"Jumanne inatangulia Alhamisi," alisema Inspekta.

"Kalenda naijua."

"Kamati ikikaa Alhamisi itajadili nini?"

Meneja alikunja uso. Akauliza ni namba gani zilizo kwenye daftari rasmi. Tatu, alijijibu mwenyewe. Tatu mara tano. Hawezi kwenda mbele ya watu kuhamisha nyumba arobaini na moja kwa sababu ya mashimo yaliyomwagiwa maji. Mtaalamu alimpigia mkubwa wake mjini mbele yao, na mkubwa wake akasema anataka vipimo vya wiki nne vilivyosomwa bila kuguswa, ndipo atie saini. Mtaalamu akamwambia baada ya wiki nne hapatakuwa na kitu cha kupima. Simu ikakatika, au ilikatwa. Akapiga tena ikawa inatumika.

Kisha Meneja akatoa ushauri, kwa upole, kama anayewaonea huruma. Wamkamate Fundi Geti, alitishia mbele ya mashahidi sitini. Mshale urudishwe kwenye tatu. Watu walale.

Inspekta alikusanya karatasi zake moja moja. Alikuwa amepata kila kitu ambacho mpelelezi anaomba. Alijua nani, alijua lini, alijua kwa mkono gani na kwa nia gani, na kesi nzima ilisimama bila tundu. Haikumsaidia hata mtu mmoja kuvuka barabara ya bondeni kwenda penye usalama. Kwenye gari alikaa bila kuwasha injini. Koplo alizungumza akachoka. Alipendekeza wapite nyumba kwa nyumba kuwaomba watu watoke, na Inspekta akamkumbusha mashine ya kusaga chuma na mabati ya jiko. Nani angetoka kwa ombi? Akapendekeza waende kwa mkuu wa polisi. Mkuu alikuwa safarini, na msaidizi wake alikuwa ameshajibu kwamba maporomoko si kazi ya polisi.

"Kazi ya polisi ni nini?" aliuliza Inspekta.

"Makosa, afande."

"Nipe ile fomu ya kufunga eneo la tukio."

Koplo alimtazama. Fomu ilikuwa kurasa mbili. Afisa wa cheo cha Inspekta aliweza kufunga eneo la tukio kwa siku saba bila kumwuliza mtu yeyote, na kutoa kila aliyemo, na kuweka askari wa kulinda mali zilizoachwa. Mpaka wa eneo ulikuwa unachorwa na yeye. Kielelezo kilikuwa ardhi iliyosogea, na ardhi iliyosogea ilianza kwenye ufa ikaishia barabarani. Sharti lilikuwa moja tu. Kesi iwe imefunguliwa, na mtuhumiwa awe mikononi mwa polisi.

"Fundi Geti," alisema koplo.

"Hakugusa kitu."

Koplo alipoelewa ni nani aliyebaki, aligeuza uso akatazama dirishani.

Mzee Timazi alikuwa barazani palepale. Binti yake alikuwa amekaa kizingitini, kitambaa kimemlala magotini, wala hakushona. Inspekta alimwomba mzee watembee kidogo, na wakatembea hadi mwisho wa mstari, penye ule ukuta uliopasuka. Alimweleza fomu yote. Hakumpaka mafuta. Alimwambia kosa litaitwa kuingilia kifaa cha umma, kwamba atalala mahabusu, kwamba majirani watajua jina lake na si sababu yake, na kwamba hajui hakimu atasema nini.

"Nikikataa?"

"Nitatafuta njia nyingine. Sijui ni ipi, na leo ni Jumatano."

Mzee aliupapasa ufa wa ukuta kwa kidole gumba, kutoka juu kwenda chini.

"Kosa nimelifanya, au sikulifanya?"

"Kitendo umekifanya, baba. Nia mbaya hukuwa nayo."

"Karatasi inauliza nia?"

"Inauliza kitendo. Nia ataiuliza hakimu."

"Basi andika kitendo."

Inspekta aliandika, akiwa ameegemeza ubao kwenye ukuta. Ilibidi arudie tarehe. Mzee alitia saini, kisha akamnyooshea koplo mikono yake miwili. Koplo alisema hakuna haja ya pingu, atembee tu pamoja nao kama mtu na watoto wake. Mzee hakuishusha.

"Funga," alisema. "Na usifiche kwa koti. Wakiniona natembea huru watasema ni maneno ya ofisi, watarudi kulala."

Askari sita walifika saa tisa na nusu na utepe, na ule mtaa ukapata kelele. Watu waliobisha mlima mwaka mzima hawakubisha eneo la tukio. Walilaani, walifunga magodoro, walifunga kuku miguu. Habari ilikimbia mbele ya gari: mzee wa vipimo amekamatwa, alikuwa akidanganya namba, alitaka kutuua. Fundi Geti aliteremsha mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni akipaza sauti kwamba yeye alisema toka zamani hakuna wa kuaminika kule juu. Mama mmoja wa mstari wa pili alimkaribia mzee, akamtazama usoni, akatema mate karibu na viatu vyake.

Binti alitoka na cherehani kichwani na wajukuu wakimfuata wakiwa na mafurushi. Alisimama mbele ya Inspekta akataka aambiwe baba yake amefanya nini.

"Wapeleke watoto shuleni kwanza," alisema Inspekta. "Nitakueleza."

"Nieleze hapa. Wewe si ndiye uliyekunywa maji nyumbani kwangu mchana?"

Inspekta alikuwa na jibu na sheria haikumruhusu kulitoa kabla ya maelezo ya kituoni kuandikwa. Alimsaidia kushusha cherehani kichwani na kuipakia kwenye lori la polisi, na binti akaupokea mguu wa mashine kutoka mikononi mwake bila kumshukuru, akapanda, asimtazame tena.

Mzee Timazi hakutaka kuingia garini. Alisimama kando ya mlango na pingu zake, shingo ameinyoosha, midomo ikicheza. Koplo alidhani anasali na akamwachia nafasi. Alikuwa anahesabu milango inayofungwa kwa nje. Mstari wa juu ulikwisha, wa pili ukakwisha, wa tatu ukachelewa kwa sababu ya mgonjwa aliyebebwa na kitanda chake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima wakati mtu wa mwisho wa mstari wa nne alipogeuza ufunguo.

"Arobaini na moja," alisema mzee. Akainamisha kichwa, akaingia.